Kondoo Mgonjwa

Baba, mwendesha lori la makaa
kutoka Kara-Keche hadi mjini Naryn,
aliyeipa kila kona ya mlima jina lake la matusi,
siku hiyo aliendeshwa yeye.
Tumbo lilishika usukani
likampeleka chooni, likamrudisha,
hatua thelathini na nane juu ya theluji.
Nilizisoma nyayo kupitia dirishani:
za kwenda zimeachana, za mtu anayefukuzwa;
za kurudi zimebanana, za mtu aliyezeeka njiani.

“Ni ile samsa ya kituoni,” alisema.
“Nyama ilikuwa na harufu, nami nilikuwa na njaa.”
Safari ya nne hakusema kitu.

Mama alikuwa Moskva,
akishona mifuko ya makoti ya watu wengine.
Baba akaninyoshea kidole: “Begimai, asijue.
Atalia kule, na machozi ya kwenye simu
hakuna wa kuyapangusa.”

Nikampigia hata hivyo,
nimejificha bandani, nyasi kavu shingoni.
Mama, kondoo wetu mmoja anahara.
Yupi?
Yule mkubwa. Tangu alfajiri.
Cherehani ikanyamaza upande wa pili.
Kuna damu?
Hakuna.
Homa?
Nimemgusa paji la uso. Hana.
Anakojoa?
Kidogo. Rangi ya chai.
Basi shika kalamu.

Maji lita moja, yachemke, yapoe.
Sukari vijiko sita vya chai,
vifute juu kwa kisu, visibaki na kilima.
Chumvi, kijiko hicho hicho, nusu.
Nusu, Begimai! Ikizidi utamkausha zaidi.
Onja mwenyewe: isipite chumvi ya machozi.
Anywe kidogo kidogo, na tena kila atokapo chooni.
Akitapika, subiri dakika kumi, uanze upya,
kijiko kwa kijiko, kama unamlisha mtoto.
Wali laini apate, na mkate.
Mafuta ya mkia, asiyaone hata kwa mbali.
Wewe nawa mikono kwa sabuni, kila mara, kila mara.
Ukiona damu, au homa, au macho yamezama,
au anasimama anayumba,
nenda kwa Jyldyz muuguzi, hata usiku wa manane.

Niliandika yote nyuma ya daftari la hesabu.
Sikujiuliza ni kondoo gani
hutoka kwenda chooni.

Jirani Tologon alikuja na chupa.
“Vodka na chumvi,” alisema, “funga mlango wa tumbo!”
Baba akaitazama ile chupa
kama mtu anavyotazama njia ya mkato yenye barafu.
Nikasimama katikati, birika mkononi,
miaka kumi na moja, soksi moja imetoboka,
na sijui uso wangu ulikuwaje,
lakini Tologon aliondoka na chupa yake.

“Haya ni maji ya bahari,” Baba alinung’unika,
yeye ambaye hakuwahi kuiona bahari.
Akanywa. Nikahesabu. Akanywa.
Jiko likala makaa aliyoyaleta mwenyewe,
dirisha likaota ukungu,
na kila aliporudi kutoka nje nilimmwagia maji ya moto
mikononi, naye akaisugua ile mikono mikubwa
akiniangalia kwa haya.

Usiku theluji ilianguka ikafunika nyayo zote.
Ikatokea safari moja. Kisha hakuna.
Asubuhi uwanja ulikuwa mweupe,
umetambaa juu yake paka tu,
na Baba, midomo imepasuka lakini ina unyevu,
aliuliza kama kuna mchuzi.

Simu ikalia.
Kondoo wangu ameamkaje?
Amelala, Mama.
Mwache. Ila akiamka mwambie:
kondoo wa kwangu hali samsa za barabarani.

Chini ya blanketi, upande wa jiko,
pakatoka sauti nzito, ya aibu, ya dereva wa tani ishirini:
“Meee.”

Mama hakucheka mara moja.
Kwanza nilisikia akivuta kamasi.
Kisha cherehani, ikianza tena.